Bowa Bila Miguu

Mvua ikishaanza kuzoea, pa meza yangu bintu binabadilika. Wakati wa jua ninauza mboga ya lengalenga na matembele ya shamba langu, na nyanya kama iko. Lakini mvua ikipiga siku mbili tatu, bowa inaota mu pori ya njia ya Mokambo, na bantu ba mutaa wetu, Kamalondo, banaanza kupita pa mulango wangu kila asubui kuniuliza, "Nkambo, bado haiyafika?" Bowa ni uyoga, na nkambo ni bibi, kwa bale basiosema kama sisi.

Miye sikusoma sana. Lakini bowa ninaisoma. Kofia yake inaweza kudanganya, inaweza kuwa nyeupe kama nguo ya komunyo ya kwanza kanisani. Muguu ndiyo unasema kweli: namna ulivyokaa mu udongo, na kile kinachobaki chini yake. Sitaandika hapa namna ya kuangalia. Muntu atasoma mustari moja, atajiona anajua, ataenda mu pori, na batoto bake batalala bila kuamka. Anayetaka kujua aende na mama yake.

Juu ya ile sababu, pa meza yangu kuko sheria moja: bowa inakuja na muguu wake na udongo wake. Ikikatwa, inarudi ilikotoka. Nilimuambia vile mama anayeniletea, siku ya kwanza kabisa, na hakukasirika. Yeye ni muntu wa pori tangu utoto. Miaka yote ya kazi yetu hakuniletea hata moja ya mashaka. Na bado ninamuangaliaga. Akigeuza uso kusalimia bantu, miye napekua kitunga yake mpaka chini.

Mwaka moja magoti yalimukataa. Akatuma muke wa mutoto wake. Binti alikuja mapema, amevaa viatu safi. Nikajiuliza, muntu anatokaje mu pori na viatu safi? Alitua beseni yake, kitambaa cheupe juu. Pale pale banamuke babili balikuwa banagombana juu ya nyanya zangu, kila moja anasema fungu kubwa ni yake. Na jirani yangu, mushonaji wa nguo, mwanamuke anayeniitaga Yaya, ni kusema dada mukubwa, alikuwa amesimama pale tangu jua kutoka, anangojea bowa. Alikuwa na haraka. Bakwe bake bapya, wazazi wa kijana anayeoa binti yake, balikuwa banafika kutoka kaskazini, na saa sita balikuwa bakule kwake, mara ya kwanza. Alifunua kitambaa mwenyewe, akajaza sahani yake, akasema, "Yaya, bei tutaongea mangaribi," akaenda mbio.

Nilipomaliza na bale ba nyanya nikatia mukono mu beseni. Bowa ilikuwa imeoshwa. Inang'aa. Na yote imekatwa miguu.

"Miguu iko wapi?"

"Nilikata, nkambo."

"Juu ya nini ulikata?"

"Njo vile bantu ba Golf, kwa matajiri, banapenda. Kule nilikuwa natumika kazi, madamu hakutaka kuona udongo mu nyumba yake. Hii iko safi, angalia."

"Miye siko madamu. Nani alichuma?"

Akaangalia viatu byake. Kule kuangalia ndiko kulinitoboa.

"Ni miye."

"Mama mukwe wako aliiona?"

"Alikuwa analala."

Nikafunika beseni. "Rudi kwenu sasa hivi. Miguu yote uliyotupa, uiokote, uilete hapa. Hata kama iko mu majivu. Hata moja isibaki."

"Nkambo, ile ni takataka!"

"Kimbia!"

Nami nikaenda kwa mushonaji, lupango yake ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikuta sufuria iko juu ya jiko ya mbabula, makaa inawaka vizuri, karanga imeshatiwa. Ilikuwa inanukia. Ile harufu hainidanganyi, hata bowa ya kuua inanukia.

"Ulionja?"

"Chumvi tu."

"Chumvi ulionja na nini?"

"Na ulimi, Yaya! Unataka nionje na sikio?" Dada yake, aliyekuwa anatwanga pale, akacheka.

Sikucheka. Nilishika sufuria na kanga yangu, nikaimwanga yote mu shimo ya takataka, nikatupa udongo juu.

"Weye mwanamuke!" Sauti yake ilitoka mpaka barabarani. "Bakwe bangu bako mu njia!"

"Bakikuta maiti hapa, batakula nini?"

"Maiti ya nani? Uniuzie bowa, halafu ukuje kuimwanga? Ni wivu! Binti yangu anaolewa, binti zako bako pa nyumba bila bwana, banahesabu mbao za dari!"

Ile ya binti zangu iliingia. Nikageuka, nikatoka. Juu ya ukuta nilishaona vichwa bine, bitano, na kabla sijafika kwangu bantu bote ba avenue, barabara yetu, balikuwa banasema bowa ya nkambo inaua bantu.

Nikamupelekea lengalenga, kitunga muzima. Bakwe balifika na nguo zao za sherehe, bakakula bukari, ugali wetu, na lengalenga na samaki kadogo. Dada yake aliniambia kwamba baba mukwe aliuliza kama huku kwetu bageni banapokelewaga hivi.

Saa ile yote nilikaa pa mulango wangu nikiangalia mulango wake. Alikuwa ameonja. Kidogo, lakini ameonja. Kila alipotoka kumwanga maji niliita, "Tumbo?" Alinigeuzia mugongo. Niliangalia namna anavyotembea, kama anashika ubavu. Nilikuwa nimeshasema mu roho yangu, akianguka huyu, meza yangu nitaipasua kuni mwenyewe.

Binti alirudi na mufuko. Viatu byake sasa bilikuwa byeusi. Niliitandika ile miguu juu ya meza, imejaa majivu na maganda ya biazi, nikaipangusa, nikaigeuza moja moja. Bantu balipita banasonya. Nilifika ku muguu ya mwisho, nikarudia tena yote tangu mwanzo.

Yote ilikuwa muzuri. Kama ni mama mukwe wake alimufundisha, ao ni bahati tu, mpaka leo sijui.

Sasa shida ikakaa na miye. Nikinyamaza, bantu batasema bowa yangu ni sumu. Nikisema ilikuwa muzuri, batasema nkambo alimwanga chakula cha bageni juu ya roho mbaya. Nilikwenda kwa mushonaji, nikasimama pa mulango.

"Bowa ilikuwa muzuri."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa ile neno yako niifanye nini? Niitie karanga?"

Nikarudi. Nilitoa mbabula yangu nje, kando ya meza, bantu banapita. Nikapika ile iliyobaki mu beseni. Nikamuambia binti, "Ikala chini, tukule." Aliosha mikono, akatangulia kumega bukari, hakusita. Niliuangalia ule mukono wake mpaka ulipofika mu kinywa. Kijana moja anayesukuma mukokoteni ya pusupusu akaita, "Nkambo, utuambie kwanza meza unamuachia nani!" Banamuke balisimama mbali, mikono ku kiuno. Ku mushonaji, mashine ya kushona ilinyamaza. Tulikula mpaka sufuria ikawa nyeupe.

Asubui kulipigwa hodi. Ni mushonaji. Aliniangalia tangu kichwa mpaka chini.

"Umeamka."

"Nimeamka."

"Tumbo?"

"Iko pa fasi yake."

Akashusha pumzi, lakini uso haukufunguka. "Bakwe bangu banarudi kwao kesho. Mama mukwe wa binti yangu anasema hawezi kuenda bila kukula bowa ya huku. Lakini amesikia habari. Anataka weye upike, na weye ule wa kwanza, mbele yao. Kila muntu atangojea mpaka umemeza."

"Na weye?"

"Miye pia nitangojea."

Kitunga ya asubui ilikuwa imeshafika, bowa na miguu yake na udongo wake. Niliipekua mara mbili, nikafunga kitambaa changu cha kichwa, nikatoka. Alikataa kutangulia. Alitembea nyuma yangu njia yote, karibu sana, macho juu ya kitunga.