Nimeitika Santuri Nikidhani ni Madam

Jameni, kuna mwingine ameshawahi kuitika santuri, ama ni mimi tu?

Leo niko jikoni kazini hapa Ruwais, Uarabuni, miguu imekufa ganzi. Nasikia kelele sebuleni. Kwa hii nyumba, kelele ni mimi naitwa.

Nikakimbia na mikono ya unga. "Naam, madam!"

Kumbe madam amefunga macho, anasikiza santuri ya punk ya zamani. Vijana wa Amerika wanapayuka.

"Mafi, hakuna kitu, ni muziki tu. Wanasema wamechoka na kazi."

Sawa. Nikarudi.

Kelele tena. Nikajiambia, si ni wale vijana? Nikageuza ndoo, nikakaa.

Kumbe sasa alikuwa madam.

Wadada, wao wakipayuka wamechoka, anafunga macho. Mimi nimekaa kimya kwa ndoo, ananiharakisha, "Yalla! Yalla!"