Ungo Wangu na Ndege Yake

Nimezaa saba, nimerudi kutoka Tanzania na godoro kichwani, lakini mtu mzima mwenye majivuno ya bure kama yule mwalimu wa ndege sijapata kumwona. Alikuwa anamfundisha mjukuu wangu wa kike kurusha ndege hapa uwanja wa Gisenyi, kwa ndege ya kizamani iliyonizidi umri. Ndege zingine zina gurudumu mbele. Ile gurudumu lake dogo liko chini ya mkia, inakaa pua juu kama mbwa anayengoja mfupa. Naye anaipangusa kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Shamba langu limepakana na uzio wa uwanja, upande wa ziwa. Maharage yangu napepetea palepale, jua likishapinda, maana saa hiyo upepo wa ziwani unakuja wenyewe na kuukata uwanja kwa ubavu. Asubuhi utabaki na makapi yako. Hilo kila mwanamke wa hapa analijua.

Siku moja alimwita mjukuu wangu wakapande baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia kwenye uzio, "Mwalimu, ngojeni kesho asubuhi. Huu upepo ni wa kupepetea, si wa kutua."

Akacheka, akaniita kizee. "Mukecuru, we pepeta tu. Mi niko na miaka makumi mbili mu hewa."

Mjukuu akasema, "Bibi anasema kweli, mwalimu. Mkia utatupwa."

Akamjibu mwoga akapande baiskeli.

Kurudi, magurudumu ya mbele yakagusa, mkia ukashuka, upepo ukaushika. Ndege ikazunguka kama mbuzi wa kamba, bawa likalima majani, mguu mmoja wa gurudumu ukavunjika. Wakatoka wazima. Vumbi halijatua, mwalimu anasema, "Huyu musichana ndiye alikanyaga vibaya."

Mjukuu akaambiwa akae nyumbani, huenda asirudishwe kabisa. Siku tatu chakula hakigusi. Mwalimu yuko hotelini ufukweni, anakunywa chai na kusimulia alivyookoa maisha.

Wakaguzi wa ajali walipokuja, mwalimu akiwaongoza, mimi niko uzioni na ungo wangu. Mkubwa wao akauliza kama niliona. Nikasema, "Maneno ya bibi kizee hamtayaandika. Tazama basi."

Nikarusha maharage. Yakarudi kwenye ungo. Makapi yakavuka uzio, yakakata njia ya ndege kwa ubavu, mengine yakamtulia mwalimu kwenye viatu vyake vya kung'aa.

Mkaguzi akatazama saa. "Ilikuwa saa kama hii?"

"Hii hii. Na nilimwambia."

Akamgeukia. "Uliambiwa?"

Mwalimu akaanza kueleza ile miaka yake makumi mbili.

Mjukuu wangu alirudi wiki ile ile, kwa mwalimu mwingine. Yule wa kwanza ndege yake imeungwa mguu. Siku hizi kabla ya kupaa anakuja uzioni, kofia mkononi, ananisalimu.

"Mwiriwe, mama. Upepo iko namna gani leo?"

Narusha maharage yangu. Asome mwenyewe.