Siku Musoki Alipokusanya Viti

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Musoki huketi juu ya viti vyake vyote. Anavyo themanini na vinne, vya plastiki, vilivyokuwa vyeupe zamani, na huvipanga uani kwa mistari. Anaanza na cha kwanza, anajitupa kwa uzito wake wote, anasikiliza kama miguu italalamika, anainuka, anahamia cha pili. Majirani wa mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, wamekwisha kuzoea. Watoto wanaowahi shule humsalimia akiwa kwenye cha ishirini, na wachelewaji humkuta kwenye cha sabini.

Ana sababu. Alipoanza kukodisha viti, kimoja kilivunjika matangani chini ya mzee aliyefiwa na binti yake. Mzee akaanguka chali, na watu wakacheka. Hawakutaka kucheka, lakini walicheka. Musoki, ambaye alikuwa amefika Bunia kutoka Butembo akiwa mjane na jina lake mjini likiwa bado changa, aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyemsukuma.

Kazi yake ni hiyo: viti na turubai za matanga. Mtu akifa, kabla ya sanduku la maiti kupatikana, tayari kuna aliyetumwa kwa Musoki. Wanaume huketi nje juu ya viti, chini ya turubai. Wanawake huketi ndani, juu ya mikeka, na hapo ndipo vilio hutoka. Musoki akimaliza kupanga viti huenda mikekani kama wanawake wengine.

Mwezi wa kumi matanga yaliingia nyumbani kwake. Mdogo wake Athanase, dereva wa lori, alikuwa anatoka Niania na mzigo wa mafuta ya mawese. Watu wenye silaha walimvizia kabla hajafika Komanda. Walilichoma lori, wakampiga risasi. Wasafiri waliofuata walimfikisha kwenye kituo cha afya akiwa amekwisha kukata roho. Jumatano mchana muuguzi wa Komanda alipiga simu.

"Mama, huku hatuna frigo ya kumuhifazi," alisema. "Tumemulaza mu depo ya dawa, chini. Mukuje kesho. Mukipitisha kesho, sanduku haitafunguliwa tena."

Musoki alielewa. Mama yao, bibi waliyezoea kumwita Koko Annie, aliyepita miaka themanini, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kurudia jambo moja tu: anataka kuona uso wa mtoto wake. Hakuomba kingine. Hata maji hakuomba.

Lakini Komanda haiendeki ovyo. Magari husafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara hutoka saa moja asubuhi. Inatakiwa barua yenye muhuri wa chefu, yaani mkuu wa mtaa, na wanaume wa kutia saini wanapopokea maiti. Basi jioni ile wakafanya kama inavyofanyika siku zote: wakachagua komite ya matanga. Nicolas, mwenye duka la vipuri na pikapu, akawa mwenyekiti. Willy, mwalimu wa sekondari mwenye mwandiko mzuri, akawa karani. Karani ataandika barua, mwenyekiti atatoa gari. Musoki akawapangia viti, akaingia ndani.

Kosa lake, anasema mpaka leo, lilikuwa kuingia ndani.

Wiki ile Amerika na China zilikuwa zimekunjiana uso. Moja ilitishia kupandisha ushuru, nyingine ilizuia madini yake, na hakuna aliyejua kama wakubwa wao watakubali kuonana. Redio hazikuwa na habari nyingine. Na huku Bunia, ambako hakuna mtu aliyewahi kuulizwa maoni na nchi hata moja kati ya hizo, maoni yalijaa kila kona. Watu wa moto-taksi, yaani bodaboda, waligawanyika kambi mbili. Wauza unga sokoni walinuniana. Chini ya turubai ya matanga ya Athanase, Nicolas alikuwa mtu wa Amerika na Willy alikuwa mtu wa China. Musoki aliwasikia kupitia dirishani.

"Amerika akiamua leo, kesho China iko magoti!" Nicolas alisema.

"Magoti ya nani? Papa Nicolas, simu yenye unashika ni ya China. Moto yenye unapandaka, ya China. Taa ya duka yako, ya China. Wakikunyanganya vyote, utabaki uchi."

"Sitabaki uchi. Suruali yangu ni ya Amerika!"

"Ndiyo! Muzungu aliivaa kwanza, akaichoka, ndipo akakutumia!"

Kicheko kikapanda mpaka mabati yakaitika. Koko Annie aliinua kichwa, akauliza kama gari limefika. Musoki akamwambia bado. Alidhani wanaume watachoka, maana matangani ni lazima waongee kitu. Hakutoka.

Alhamisi saa mbili asubuhi alitoka, akitarajia kukuta nusu ya watu wamekwenda. Pikapu ilikuwa palepale, kuku wamelala chini yake. Wanaume walikuwa wengi kuliko jana. Nicolas na Willy walikuwa wamesogeza viti goti kwa goti, redio katikati.

"Athanase amefika wapi?" Musoki aliuliza.

Hakuna aliyemsikia. Akauliza tena, kwa sauti.

"Pole, Mama Musoki," Nicolas alisema. "Karani hajaandika barua."

"Niandike namna gani?" Willy akaruka. "Jana mwenyekiti amesema mbele ya watu wote, mutu wa China hapandi mu gari yake. Basi atafute karani wa Amerika!"

"Na gari yenyewe ni ya Japani!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na wakacheka tena.

"Msafara?"

"Umeshaenda, Mama," Nicolas alijibu. "Lakini kesho kuko mwingine."

Musoki aliiona akilini ile depo ya Komanda, katoni za dawa ukutani, na Athanase sakafuni. Hakulia. Alimwendea Nicolas.

"Simama."

"Mama?"

"Simama, Papa Nicolas. Kiti ni yangu."

Nicolas akainuka akitabasamu, akidhani mfiwa anataka kuketi. Musoki akakichukua kile kiti, akakiweka ukutani, akarudi. "Na weye, mwalimu." Akachukua cha Willy. Akachukua cha tatu, cha nne, cha tano, kimoja juu ya kingine. Wazee hakuwaruka. Pasta Dominique alijaribu kumtuliza.

"Dada yetu, uchungu yako tunaielewa. Lakini kunyima watu kiti mu matanga, haijafanyika hapa."

"Haijafanyika, ni kweli. Na komite kusahau maiti, ilifanyikaka wapi? Simama, Pasta."

"Sasa tukae wapi?" mmoja akalalamika.

"Muende mukakae Amerika. Wengine China. Kule kuko nafasi!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Musoki alikuwa anahema, viti vinne mkononi.

"Nani kule Amerika anajua jina ya Athanase? Nijibu, Papa Nicolas. Alikuletea vipuri toka Ariwara miaka sita, hakupoteza hata kimoja. Weye mwalimu, siku ya vita, nani alipakia watoto wako mu lori bila kuomba kitu? Mutu wa China? Hao wakubwa wawili watanuna, watapatana, watakula pamoja. Siye, nani anatuletea mutu wetu?"

Alipomaliza viti akafungua kamba za turubai, ikaanguka. Wanaume arobaini wakabaki wamesimama juani, mikono haina pa kukaa.

Kisha akamwita Divine, binti wa Athanase, aliyekuwa anamaliza chuo kikuu. "Divine, andika." Divine akaandika barua juu ya goti. Wakaenda nayo wawili kwa chefu, naye akaipiga muhuri. Waliporudi walimkuta Nicolas anaosha pikapu na Willy anamshikia ndoo. Musoki alipita bila kuwasemesha.

Ijumaa walikwenda na msafara. Nicolas aliendesha, Willy aliketi kando yake, Musoki nyuma yao. Redio haikufunguliwa njia nzima. Komanda, muuguzi aliwapokea mlangoni, kitambaa puani. Seremala wa pale alikuwa amekwisha kupigilia sanduku misumari.

"Niliwaambia kesho," muuguzi alisema. Hakukaripia. Alisema tu.

Walifika Bunia saa tisa. Koko Annie akaletwa, ameshikwa mabega.

"Mufungue."

"Mama, haifunguki tena," Musoki alimwambia.

"Mufungue kidogo tu."

Bibi kizee akapapasa kifuniko kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu, kama anayetafuta mahali pa kuingiza mkono. Hakupata. Athanase akazikwa kabla jua halijashuka.

Siku ya kumaliza matanga Nicolas alileta gunia la mchele, Willy yuko nyuma yake. "Mama, utusamehe. Ilikuwa maneno tu." Musoki akajibu, "Nimesikia," akapokea mchele, akawapa viti. Siku chache baadaye redio ilitangaza kwamba wakubwa wale wawili wameonana na kupeana mikono. Watu wa moto-taksi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mpira.

Jioni hiyo Divine alikuwa uani, anamsaidia shangazi yake kuosha viti. Aliuliza kwa sauti ndogo, macho kwenye ndoo.

"Shangazi, hasira imekuisha?"

Musoki aliweka chini kitambaa cha kufutia.

"Hapana," alisema. "Mama hakuona mutoto wake."