Mtani wa Benki

Msiba wa Sindeni bila Hamisa haunogi. Yeye ni mtani wa karibu nusu ya kata. Kaburi likishachimbwa, anashuka humo na kanga yake, anajilaza, anamuiga marehemu alivyokuwa akikohoa, na hatoki mpaka wafiwa wampe chochote. Wenye machozi wanajikuta wanacheka.

Fedha za mahindi yake aliziweka Benki ya Neema, Handeni mjini, apate kununua bati. Paa lake la nyasi limeoza. Mvua ikinyesha analala ameketi. Siku aliyokwenda kuzichukua akakuta mlango umefungwa. Benki inaumwa, tukaambiwa. Inaumwa nini? Ilimkopesha Mheshimiwa Mdoe ajenge kiwanda cha juisi pale Segera, na kiwanda chenyewe hadi leo ni geti na mlinzi!

Wakubwa wakakaa, wakamimina fedha za kodi zetu, benki ikaokolewa. Deni la Mheshimiwa likasamehewa ili uchumi upumue. Sisi wenye akiba tukaambiwa tuvute subira. Mapafu yetu hayahusiki. Kisha ikaandaliwa sherehe ya kufungua upya, na wa kukata utepe nani? Mdoe huyohuyo.

Mkasi tayari uko mkononi, Hamisa akapenya katikati ya wageni, akatandika kanga mlangoni, akajilaza chali.

"Shikamoo mama, tafadhali inuka," meneja akambembeleza, jasho linamtoka.

"Marahaba. Mimi na marehemu tulitaniana sana. Kila nikimuuliza fedha zangu, ananiambia zipo."

Watu wakaangua kicheko. Mimi mbavu sina.

"Benki haijafa!" Mheshimiwa akafoka.

"Haijafa? Basi nipeni changu nikanunue bati. Imekufa? Nipeni cha mtani nitoke kaburini."

Mheshimiwa akaangalia kamera, akaangalia saa, akatoa kile kicheko chake cha kampeni. Akachomoa noti ya elfu kumi, akamwekea tumboni.

"Haya mtani, yaishe."

Hamisa akainuka, akaifunga noti kwenye pindo la kanga. Sasa hakuwa akicheka.

"Nimeshuka makaburi mengi, Mheshimiwa. Sijawahi kulipwa utani pasipo maiti."

Yuditha, muuza machungwa aliyekuwa mbele yangu, akajishika kichwa, akaangua kilio. Na mimi, ambaye akiba yangu yote imo humohumo, nikamfuata.