Paa Aliyenifia Mikononi

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya kusini ya Unguja, mtoto hakuamshwa na simu. Siku ya msako wa paa uliamshwa na njuga. Mbwa wa wasasi walivishwa njuga shingoni ili wasipotee msituni, na zikianza kulia njiani alfajiri, kijiji kizima kinajua. Mama anapuliza moto, muhogo wa jana unapashwa, chai ya mchaichai inachemka, na sisi watoto tunagombania kubeba nyavu huku tunafukuzwa kama kuku. Mbwa akikulamba mkono, kazi unayo: unaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mama anakusugua kwa hasira kana kwamba wewe ndiye uliyemlamba mbwa.

Nayaandika haya niko Edmonton, huku Ulaya, mvua wiki ya pili hii, nimetoka kazini kuogesha wazee wa watu, na nina hasira. Sifichi. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka utoto wanacheka mpaka machozi. Mimi nina paa mmoja tu kichwani, na hatoki.

Msitu wetu si kama ule wa Epping wa huku nilikompeleka mwanangu Nasra, una njia pana na mabenchi ya kupumzikia. Wetu uliota juu ya mawe. Mawe makali kama meno, mashimo yamefunikwa na majani, miti mifupi imesongamana hata mtu mzima anapita kainama. Bahari unaisikia lakini huioni. Harufu ni ya majani yaliyooza na vinyesi vya popo kutoka mapangoni. Babu alikuwa akisema kabla ya Mapinduzi paa walikuja kula kunde hadi nyuma ya vyoo. Sisi tuliozaliwa miaka mingi baadaye tuliwakuta wamejificha ndani kabisa, wadogo, wepesi, miguu kama vijiti. Ukisema "yule pale," keshapita.

Huko Epping tulimwona mmoja, mkubwa kama ndama, katutazama tu. Nikamwambia Nasra kwamba sisi tulikuwa tunawala. Kanijibu, "Mummy, that's actually disgusting," yaani kinyaa kitupu, na mkononi kashika bawa la kuku la kwenye boksi. Watoto wa leo hao. Kwao nyama huzaliwa boksini.

Msako ulikuwa hivi. Wasasi wanatega nyavu upande mmoja, kila mtu na wake. Waswagaji na mbwa wanaingia upande wa pili, wanapiga makelele, wanagonga madebe. Paa anayakimbia makelele, anaingia wavuni, na mwenye wavu anamrukia na kumchinja. Hapo ndipo penye jambo lote. Akifa kabla ya kisu, huyo ni mzoga, haliwi, na jasho la watu wote limekwenda bure. Ndiyo maana wavu hauachwi peke yake.

Sasa Baba yangu hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na sisi wasichana wanne, mimi wa mwisho, na mguu uliovunjika ukaunga vibaya. Wavu wake ulikuwa mrefu na mwenyewe hawezi kukimbia. Basi nilipofika miaka tisa akanichukua nikae mwisho mmoja wa wavu, yeye akae mwisho wa pili.

Siku ya kwanza ami yangu Pandu, mdogo wake Baba, aliyekuwa na mbwa, alishika kiuno.

"Kaka, leo umekuja na mpishi kabisa?"

"Huyu ana masikio kuliko mbwa wako wote, Pandu. Tena yeye hakojoi kila kwenye mti."

Watu walicheka mpaka wakaangusha nyavu. Mimi nilijiona nimeota pembe.

Baba alinipa kisu kidogo cha kukatia kamba, akanambia, "Akiingia upande wako, mlalie, piga kelele, nitakuja. Wewe usichinje. Mtoto wa kike hachinji."

Sikushangaa. Nani angeshangaa? Nyinyi wenzangu mnakumbuka. Mama kasimama mlangoni, kuku kwapani, anangoja mwanamume yeyote apite amchinjie. Wali unaiva, unapoa, kuku bado yu hai anatukodolea macho. Akipita mtu asiyesali, mvuta bangi wa kijiji, ataitwa kwa heshima: "Kaka, hebu nisaidie." Mama aliyehifadhi Kurani kashika miguu ya kuku, mvuta bangi kashika kisu. Na sisi tukaona ndivyo dunia ilivyo.

Msako wangu wa tano au wa sita, paa akaingia upande wangu. Sikumwona, nilisikia tu wavu umevutwa kwa kishindo. Nikamrukia, nikamlalia kwa kifua. Moyo wake ulipiga mbio nikauhisi kwenye mbavu zangu. Kamba ilikuwa imemzunguka shingoni, na kila akifurukuta inakaza. Nikapiga kelele, "Baba! Baba! Yupo!" Nikamsikia Baba anakuja, ule mguu unaburuzwa mawe kwa mawe, anaanguka, anaamka. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Bismillahi naijua, nani asiyeijua? Ningeweza kumchinja. Hata ile kamba sikuikata, niliogopa akinitoka watasema mtoto wa kike kaachia paa. Nikabaki nimeshika miguu, napiga kelele.

Akatulia chini yangu. Ulimi ukatoka pembeni. Akaja sisimizi, akapanda puani, akatembea juu ya jicho lililokuwa wazi, kavuka jicho zima. Jicho halikupepesa.

Baba akafika, magoti yanatoka damu. "Yu hai?"

Nikamtazama yale magoti. Nikasema, "Yu hai, Baba. Sasa hivi kapiga teke."

Akasoma, akachinja. Damu ilitoka pole pole, nyeusi. Baba aliitazama, kisha akanitazama mimi, akanipapasa kichwa. "Mwanangu huyu hasemi uongo," aliwaambia waliofika. Na alilisema tena jioni, na harusini, na msibani, miaka yote.

Nyama iligawiwa kama ada, kila nyumba na fungu lake juu ya jani la mgomba. Ini alipelekewa Bi Mize, jirani yetu, kikongwe asiye na meno aliyefunga Jumatatu na Alhamisi mpaka mgongo ukapinda. Baba alimpelekea mwenyewe, mkono kwa mkono. Nyumbani mama aliipika kwa nazi na ndizi mbichi, harufu ikavuka uwa. Nilikula. Nisingekula wangejua. Wiki hiyo hiyo, kwenye chuo cha Kurani, mwalimu akatusomesha habari ya mzoga na uharamu wake. Nikatoka mbio kutapika nyuma ya kisima, wakasema nina malaria.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikaja huku. Mwaka juzi kwenye darsa ya wanawake, ustadhi mmoja wa kike akatusomea masuala ya kuchinja. Mwanamke anachinja, akasema. Hata mtoto mwenye akili zake anachinja, wa kike au wa kiume. Nilinyoosha mkono nikamuuliza mara tatu, mpaka wenzangu wakaguna. Nikarudi kwenye basi nimesaga meno. Maana yake nini? Maana yake kisu kile kilikuwa halali, mkono wangu ulikuwa halali, na mimi nilikaa pale napiga kelele kwa sababu ya desturi ya watu wavivu wa kusoma!

Kila mwaka kabla ya Ramadhani Baba hunipigia kuomba radhi, kama tulivyozoea. Anasema nimsamehe, nasema nimekusamehe nawe nisamehe, basi. Mwaka huu alipopiga, nikasema, "Baba, nisamehe, lakini nataka ujue unasamehe nini."

"Sema, mwanangu."

Nikasema yote. Nikasikia jogoo wa jirani yake anawika.

"Ulisema kapiga teke."

"Nilisema uongo, Baba. Sisimizi alitembea juu ya jicho."

"Na Bi Mize nilimpelekea ini. Kwa mkono wangu huu."

Nikamwambia nilivyomwuliza ustadhi wa darsa na alivyonijibu: asiyejua hana dhambi, aliyekula hana dhambi, na mimi nilikuwa sijabaleghe. Kitabuni hakuna mwenye kosa.

"Ustadhi wako hakumjua Bi Mize," akasema. Simu ikakatika.

Ramadhani imepita, Idi imepita, hajanipigia. Nikipiga, anapokea dada yangu Mwanakhamis anayeishi naye. "We mwendawazimu, umemwambia nini mzee?" akaniuliza. Kasema kila baada ya sala ya Alasiri Baba anachukua mkongojo anakwenda makaburini. Waliokula nyama ile karibu wote wako huko. Anasimama kaburi baada ya kaburi, anamtaja mtu kwa jina na jina la baba yake, anaomba radhi. La Bi Mize halionekani tena, jiwe limezama, basi anazunguka tu vichakani akimwita.

Msitu wenyewe umekatwa, nusu kuni, nusu nyumba za wageni zenye madimbwi ya kuogelea, na paa sasa hawasakwi, wamekatazwa. Wala simlilii msasi. Ninacholilia ni kwamba enzi zile mtu akila nyama alimjua aliyeisaka, aliyeichinja na aliyeibeba mpaka mlangoni, na kosa likitokea kulikuwa na watu wa kuwaendea. Leo nachukua paketi kwenye friji la duka, ina kibandiko, nailipia, natoka. Simjui mtu, hakuna anayenidai radhi. Wanasema hiyo ndiyo raha ya Ulaya. Nasra atakua hivyo, na moyo wake utakuwa mwepesi kuliko wangu. Na Baba yangu, karibu miaka themanini, saa hizi yuko juani na mguu wake mbovu, anawaomba msamaha wafu kwa uongo wa mtoto wa miaka tisa, na mimi aliyenizaa hataki hata kunisikia sauti.