Swali la Udhaifu Mbele ya Baba Mkwe

Mpaka leo, mtu akianza kunihurumia mbele ya watu, natamani kumziba mdomo kwa kiganja changu. Watoto wangu husema mama yao ana kiburi. Waseme tu. Wao hawakuwako siku ile Nyansiongo.

Nilizaliwa Marani, nikaolewa upande wa Ikonge mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, jambo ambalo kwa msichana wa siku zile lilikuwa la kujivunia na la kuchekwa pia. Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Tulikaa pamoja muda mfupi, tukapata mtoto mmoja wa kike, kisha homa ya matumbo ikamchukua mume wangu mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Juma moja alikuwa mtu mzima anayebeba gogo begani, juma la pili tukamzika kando ya migomba. Zaidi ya hapo sitaki kueleza. Wee, acha tu.

Aliyenishika mkono siku zile alikuwa mke wa shemeji yangu, yaani mke wa kaka mkubwa wa marehemu. Tuliolewa katika boma moja, miaka ikikaribiana, na tangu nilipofika tulikuwa chanda na pete. Majani chai tulichuma pamoja, maji tulichota pamoja, na mama mkwe akitutolea maneno makali tulingoja afike mbali ndipo tucheke mpaka mbavu ziume. Baada ya mazishi alihamia nyumbani kwangu na mkeka wake. Mtoto wangu akilia usiku, yeye ndiye aliyeamka. Sijapata tena rafiki kama yule, na nimeishi miaka mingi.

Sasa elewa shida yetu. Kwetu, matanga yakiisha na muda wa kuomboleza ukipita, wazee hukaa na mjane na kumwuliza achague ni nani kati ya ndugu za mumewe atakayeitunza nyumba ile. Ati achague. Mume wangu alikuwa na ndugu mmoja tu, na huyo ndugu ndiye mume wa rafiki yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mshika Sabato, tena mwoga wa wazee. Kanisa lilikuwa limeshamwonya kwamba akichukua mke wa pili atafutwa katika ushirika. Wazee wakasema kanisa lina mambo yake na boma lina yake, na marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Kurudi kwetu Marani hakukuwezekana, maana ng'ombe wa mahari yangu walikwisha kwenda kwa wakwe wa kaka yangu.

Njia ilikuwa moja. Mjane mwenye kazi ya mshahara na mahali pake pa kulala, wazee walimnung'unikia lakini walimwacha. Alikuwako mmoja tuliyemjua, mwuguzi huko Kisii mjini, na hakuna aliyemgusa. Kwa hiyo rafiki yangu aliposikia sokoni Ikonge kwamba chama cha ushirika cha maziwa huko Nyansiongo kinatafuta karani wa kupokea maziwa asubuhi, na kwamba karani huyo atapewa chumba, alikuja mbio shambani jembe likiwa bado mkononi. Hakuanza hata na salamu. Aliniambia niandike barua leo leo, na kama sina karatasi yeye atararua daftari la mtoto wake.

Nikaandika, nikaitwa. Hapo ndipo msichana mmoja niliyesoma naye, aliyekuwa akipiga taipu katika ofisi fulani mjini, alipotuonya kwamba siku hizi katika mahojiano wanauliza swali la ajabu. Wanakuuliza udhaifu wako ni nini. Tulishangaa, jamani. Kwetu udhaifu wako husemwa na wengine, tena ukishaondoka. Mtu aulizweje mwenyewe, na akitaja, nani atampa kazi?

Tukaanza mazoezi kwenye michai. Rafiki yangu alikalia kikapu alichokigeuza juu chini, akakunja uso, akatoa sauti nzito ya bwana mkubwa, akaniuliza udhaifu wangu. Nikasema huunguza mboga. Akasema hawatafuti mpishi, endelea. Nikasema sipendi kuamka mapema. Akanirushia kikonyo cha chai na kuniuliza kama maziwa yatanisubiri niote ndoto zangu. Mwishowe alinitungia jibu yeye mwenyewe, maana alinijua kuliko ninavyojijua: niseme kwamba udhaifu wangu ni kuongea sana, lakini nikishika hesabu hunyamaza. Lilikuwa jibu zuri, na la kweli. Nililisema nikichuma, nikalisema nikiwasha moto, mpaka binti yangu aliyekuwa hajui maneno kumi akaanza kusema, "Ongea sana, ongea sana," akizunguka jikoni.

Asubuhi ya kwenda alinipa viatu vyake vya Sabato. Vilinipwaya, tukavijaza maganda makavu ya mgomba kwenye vidole. Alinisindikiza mpaka barabarani, ambapo lori la majani chai lilinipakia. Akaniambia nisithubutu kurudi bila kazi. Alisema akicheka, lakini mimi niligeuza uso nisije nikaanza kulia kabla hata sijafika.

Mahojiano yalifanyika katika nyumba iliyokuwa ya mzungu mmoja kabla mashamba yale hayajagawiwa wananchi. Tulikaa nje kwenye benchi, wasichana kadhaa na mimi mjane peke yangu. Sikuogopa sana. Nilikuwa na jibu langu. Nilipoitwa nikaingia nikitembea polepole kwa ajili ya vile viatu, nikaona meza ndefu na wanaume watatu. Katikati aliketi mwenyekiti, mtu wa kando ya ziwa, si wa kabila letu, amevaa suti na ana Kiswahili kizuri. Kushoto kijana wa kuandika. Na kulia, kofia ikiwa magotini, aliketi mdogo wake baba mkwe wangu.

Nilijua alihamia huku Nyansiongo mashamba yalipogawiwa. Kwamba wenye maziwa walimchagua kwenye kamati, hilo hakuna aliyeniambia.

Asiye wa kwetu atauliza, kwani kuna nini? Mwenzangu, kuna chinsoni. Ndiyo heshima yetu ya haya, kati ya mtu na wazazi, na zaidi kati ya mke na baba wa mumewe, na ndugu wote wa baba huyo ni baba vilevile. Hampeani mkono. Humtazami usoni. Mkikutana njiani unampisha. Akikuuliza habari za ng'ombe au za shamba utamjibu, kwa sauti ya chini, macho ardhini. Lakini habari zako wewe mwenyewe, mwili wako, moyo wako, tabia zako, hizo hazitoki kinywani mwako mbele yake. Ukizitoa hujajivunjia heshima peke yako, umemvua nguo na yeye. Hili halikuwa jambo la kufikiri. Tulilelewa nalo, na mtu hulitii kabla hajakumbuka kwamba analitii.

Nikaketi kwenye ukingo wa kiti, nimegeukia ukutani kidogo. Mwenyekiti alinipa hesabu za lita na madebe, nikazijibu zote nikiutazama mguu wa meza. Aliniomba niinue kichwa. Nikakiinua mpaka usawa wa kidau cha wino, zaidi ya hapo shingo ilikataa. Hata hivyo niliona amependezwa na hesabu zangu, kwa sababu alimgeukia yule kijana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza lile swali letu.

Jibu lilikuwako, zima, mdomoni kabisa. Lakini nitamwambiaje baba mkwe kwamba mimi ni mwanamke wa kuongea sana? Nilinyamaza. Mwenyekiti akadhani sikuelewa, maskini, akalirudia kwa Kiswahili chepesi, polepole, kama unavyomwambia mtoto. Nikazidi kuinama. Na yule mzee alijua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile kwa nini sijibu. Angetoka nje tu, akasingizia haja ndogo, ningejibu kabla mlango haujafungwa. Nilimwomba Mungu amtoe.

Hakutoka. Nilisikia kiti chake kikilia, akakohoa, na akaanza kusema akitazama dirishani.

"Mnisamehe. Huyu ni mke wa mtoto wetu aliyekufa. Udhaifu wake ni huzuni. Hali chakula, halali usingizi. Nyumbani wanasema analia mpaka kunakucha. Mpeni hii kazi, mumsaidie."

Ilikuwa kweli. Nililia, naam, na nani asingelia? Lakini nililia gizani, nimefunika mdomo kwa shuka, na aliyejua ni yule aliyelala kwenye mkeka wake kando yangu, na pengine mama mkwe nyuma ya ukuta. Sasa jambo hilo lilikuwa limewekwa mezani mchana kweupe, mbele ya wageni. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akasema, "Pole sana, mama," na kwa ile pole nikajua kazi imekwenda. Maziwa hufika alfajiri. Nani ataikabidhi mizani kwa mwanamke ambaye hajalala?

Walimchukua msichana mwingine. Sina ubaya naye. Mwenyekiti mwenyewe alinifuata mpaka barazani akaniambia niende nyumbani nikapumzike, nirudi kuwaona akili ikishatulia. Alikuwa mtu mwema. Wote walikuwa wema siku ile, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana mmoja wao ningekuwa na wa kumchukia.

Mzee alitoka baadaye. Alisimama karibu na lango, akinipa ubavu, akauambia ule ua wa michongoma kwamba yeye alidhani wakiijua huzuni yangu watanishika mkono. Kwa ajili yangu alikuwa amesema jambo ambalo baba hapaswi kulisema, na haya ilikuwa imemshika kuliko mimi. Nikajibu, "Ndiyo, baba." Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia, na hayo mawili ndiyo niliyoruhusiwa.

Rafiki yangu alikuwa akinisubiri juu ya mlima uliokuwa karibu na boma letu, mtoto wangu mgongoni mwake. Aliutazama uso wangu, akamshusha mtoto. Niliketi kwenye nyasi nikavua viatu, nikamwambia nani alikuwa ameketi kulia kwa meza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavichukua viatu, akatoa maganda moja moja, akavifuta matope kwa majani, muda mrefu kuliko matope yenyewe. Kisha akasema mtoto amekula, tuteremke.

Mvua zilipokwisha wazee walikuja, na nyumba yangu ikakabidhiwa kwa shemeji. Shemeji akafutwa kanisani, na Sabato iliyofuata nilimwona rafiki yangu akipanda kwenda kusali na watoto wake peke yake, bila mume wa kutembea mbele yao. Mkeka wake alikuwa amekwisha kuuchukua. Nilizaa mvulana, nikazaa tena, na wote wakahesabiwa kuwa watoto wa marehemu, kama ilivyopasa. Aliyenipokelea watoto alikuwa rafiki yangu yule yule, kwa mikono ile ile mipole, akaniosha, akanipikia uji wa wimbi. Uji ulipoiva akaumimina, akauweka mahali ninapoweza kuufikia, akaenda zake. Hatukuwahi kugombana. Heri tungegombana! Tulisalimiana kila asubuhi, tukaazimana chumvi, na wakati wa kuchuma majani kila mmoja alianzia upande wake wa shamba.

Siku moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, kulikuwa na manyunyu na sote tulikuwa tukiharakisha kabla kituo cha kupimia majani hakijafungwa. Bila kupanga tukajikuta mstari mmoja, yeye huku, mimi kule, michai katikati. Nilifurahi, sikufichi. Nikatafuta neno la kusema, lolote, la mvua, la bei ya sabuni. Yeye akatangulia, mikono yake ikiendelea kuchuma.

"Ungejibu tu," akasema.

Hakuwa na hasira. Sikuhitaji kuuliza ni jibu gani. Nilisimama na majani kiganjani.

Wakati huohuo yule mzee wa Nyansiongo, baba mkwe wetu sote wawili, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitokea kwenye kijia akishuka na fimbo yake. Rafiki yangu alimwona kabla yangu. Akatua kikapu haraka, akavuta kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akaingia katikati ya michai na kukipa kijia kisogo, hapo hapo nilipokuwa nimesimama mimi. Nikageuka nami. Tukasimama bega kwa bega, hatupumui, macho chini, mpaka mzee akapita.

Alipokwisha kupita, rafiki yangu alikichukua kikapu chake akaenda kuchumia upande wa pili.