Baba Aliposogeza Cherehani

Harufu ya mafuta ya waridi ilinipokea mlangoni mwa ukumbi mmoja wa Houston mwezi Mei, na papo hapo nikarudi kwetu Wundanyi, katika duka la baba yangu, aliyekuwa fundi wa nguo. Muuguzi mwenzake binti yangu, Mbulgaria, alikuwa ametualika tuone watoto wao wakiandamana na herufi za alfabeti yao zilizopambwa kwa maua. Sikuhitaji kuelezwa maana yake. Maandamano hayo niliyajua tangu utotoni kwa sababu ya Shangazi Mshai.

Shangazi alirudi kutoka masomoni Bulgaria masika yalipoanza, na kwa kuwa alikuwa hajapangiwa kazi, alikaa kwetu msimu mzima, kichupa cha mafuta hayo kikinukia sandukuni mwake. Jioni, mvua ikigonga mabati na pasi ya makaa ikitupa joto, alitusimulia jinsi Wabulgaria walivyokaa karne tano chini ya Waturuki, huku makanisani wakisomewa Kigiriki, hata baadhi yao wakaona haya kujiita Wabulgaria. Ndipo washona nguo na washona viatu wakachanga, wakafungua shule na vyumba vya kusomea, na vitabu vikachapwa kwa lugha ya mama zao. Niweke kumbukumbu sawa: herufi peke yake hazikuwakomboa, damu pia ilimwagika. Lakini walirudi kuwa taifa vitabuni kabla ya kurudi kwenye ramani.

Shangazi akataka duka letu liwe chumba cha kusomea kila jioni.

"Dada, wateja nitawapimia wapi suruali?" baba akauliza.

"Wapime wakisoma. Mtu akisoma hutulia."

Baba alicheka, kisha akaisogeza cherehani ukutani. Walikuja wachuma kahawa, walikuja akina mama, akaja hata bibi yangu, aliyezoea kutia dole gumba palipotakiwa sahihi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Bibi alikunjika akiwa na mvi. Mvua zilipokwisha tuliandamana hadi sokoni na herufi zilizoshonwa kwa vipande vya nguo, Bibi akiwa mbele na herufi yake kifuani.

"Bibi, uko darasa la ngapi?" vijana wakamtania.

"Ninyi mnajua kucheka tu. Mimi nasoma gazeti la Kiswahili mpaka matangazo ya vifo!"

Hayo niliyakumbuka Houston, nami ni katibu wa baraza la kanisa letu hapa Irving, Texas. Majuma machache kabla ya safari hiyo, baraza lilikuwa limefunga darasa la Kiswahili la watoto, ili chumba chake kihifadhi viti vya plastiki vya sherehe. Nilipinga, na pingamizi langu limo katika kumbukumbu za kikao.

"Mzee, relax," mwenyekiti aliniambia. "Kiswahili watakiokota nyumbani."

Nyumbani kupi? Binti yangu hurudi kutoka zamu ya usiku mtoto akiondoka kwenda shule. Mjukuu wangu Wakesho, nikimsalimu kwa Kiswahili, hujibu, "I'm good, Babu," bila kuinua macho kwenye simu. Bibi hakuwahi kuona ndege ikitua, lakini mjukuu wake alimwelewa. Mimi naishi jirani na uwanja wa ndege, na wangu hanielewi hata kwa hadithi moja.

Tuliporudi nilimwomba binti yangu gereji iwe darasa. Gari lake sasa linalala nje, likingoja mvua ya mawe ya Texas, naye hajanung'unika. Jumamosi huja watoto wa jirani yetu Mkongo, huniamkia, "Jambo, Papa," na kufungua vitabu. Wakesho hubaki ndani.

"Baba, usimlazimishe," binti yangu huniambia.

Simlazimishi. Baba yangu alisogeza cherehani iliyomlisha. Kanisa zima, lenye maegesho yasiyojaa hata Pasaka, limeshindwa kusogeza viti. Basi darasa likiisha mimi huvikunja vya kwangu vyote na kuviegemeza ukutani, isipokuwa kimoja, kile kinachotazama mlango wa ndani.